Masengo na Wachekeshaji wa Kenia

Likitajwa gitaa la Katanga, kusini mwa Kongo, watu husema Bosco, na wana haki. Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 mjini Jadotville, mji uliorudishiwa jina lake la Likasi mwaka 1966, na "Masanga" ikamtangaza mbali. Binamu yake, Masengo Katiti Edouard, hutajwa baadaye, kama mfuasi. Nadhani anaonewa. Masengo alikuwa mpiga gitaa, lakini pia alikuwa mtu wa jukwaani, aliyelelewa na kundi la vichekesho.

Kundi hilo lilikuwa la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katika mtaa uitwao Kenia. Vijana walijiita Jeunes Comiques de la Kenia, watu wakafupisha wakasema Jecoke. Waliimba kwa sauti zilizopangwa, wakacheza ngoma za miguu, wakaigiza watu wa mjini mpaka ukumbi ukaangua kicheko. Wimbo ulikuwa sehemu ya mchezo, na mwimbaji aliyesimama kama mlingoti asingedumu nao.

Kicheko hicho kilihitaji watazamaji wa aina yake, na kampuni ya madini ndiyo iliyowakusanya bila kukusudia. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, awali iliajiri wanaume kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iligeuza utaratibu: mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, asiwe mpita njia. Watu wakatoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, wakawa majirani ukuta kwa ukuta. Kutoka kambi za Panda na Shituru pale Likasi hadi upande wa Kakanda, waliishi watu wasioshiriki lugha ya mama. Utani wa Kiluba ungewachekesha Waluba na kuwaacha wengine wakitazamana. Kiswahili cha Katanga kiliwafikia wote, kwa hiyo wachekeshaji wakakishika, nacho kikawa lugha ya nyimbo zao.

Mengine yaliletwa na reli. Garimoshi lilifika Elisabethville kutoka kusini mwaka 1910, na kwa njia hiyo ziliingia sahani za gramafoni, mavazi na mitindo ya kucheza ya Afrika Kusini na Rhodesia. Wakubwa wa kikoloni hawakuwa na neno: kijana anayecheza Jumapili hasumbui mtu Jumatatu. Sina hakika kama walielewa kila kilichosemwa jukwaani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 safari ikageuka kuelekea mashariki. Peter Colmore, mfanyabiashara wa muziki na matangazo jijini Nairobi, aliwaita wanamuziki wa Katanga. Bosco akaja akatangaza vidonge vya Aspro. Masengo akatangaza Coca-Cola, akakaa miaka kadhaa. Wasomi wa muziki huipita kazi ya matangazo kwa aibu kidogo, lakini ndipo ujuzi wa Jecoke ulipolipa. Mtu anayeuza soda lazima asimamishe wapita njia na awachekeshe kabla hawajaondoka, na Masengo alikuwa amefanya hivyo tangu Kenia ya kwao. Vijana wa Kenya waliyasikiliza magitaa ya Wakatanga, na mkono wao unasikika katika upigaji wa miaka ya 1960.

Kwa nini basi Masengo amebaki kivulini? Santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu hivi za sauti. Vidole vya Bosco viliingia humo vizima. Uso wa Masengo, hatua zake na kituo alichoweka kabla ya mzaha havikuingia. Anayewapima wawili hawa kwa santuri peke yake amekwisha kumpa Bosco ushindi. Mpiga gitaa Mwingereza John Low alipokwenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1979 kutafuta mitindo ya zamani, alimkuta Masengo bado yupo na anapiga.

Vichekesho navyo vilihamia redioni, kisha kwenye televisheni, kupitia kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Waigizaji wake hawakutumia maandishi: walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kila mmoja akajitungia maneno papo hapo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, nao wakamjibu kwa mchezo mzima juu ya chifu na watu wake. Safari hii mtu alikuwa na kinasa sauti tangu mazoezini, na maneno yao ya Kiswahili yakachapwa kitabuni mwaka 1990, pamoja na mabishano ya nani acheze nini.