Mgogoro wa Vina na Swali la Mwalimu

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa mada ya insha ya hoja: shairi lisilo na vina si shairi, jadili. Niliandika kurasa nne kwa ghadhabu nikiwatetea wanamapokeo. Nilitumia methali, takriri na maswali ya balagha karibu kila aya. Insha ilirudi na swali moja la wino mwekundu: “Shairi ni nini?” Sikuwa nimelijibu popote.

Baadaye nilitambua kwamba swali hilo ndilo kiini cha mgogoro wenyewe. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akiziweka katika maandishi kanuni ambazo malenga walikuwa wakirithishana kwa sikio. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi huru. Mjadala ukapamba moto. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaingia uwanjani na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakishikilia kuwa vina na mizani si roho ya ushairi.

Nikizisoma leo hoja za pande hizo mbili, naona kuwa mara nyingi hazikukabiliana, zilipishana. Mwanamapokeo aliposema “shairi”, alikuwa na wimbo akilini, na katika wimbo mizani ikipungua sauti huchechemea. Mwanamabadiliko alikusudia sanaa ya maneno inayogusa hisia kwa taswira na mpangilio, hata ikisomwa kimya. Kwa fasili ya kwanza vina ni uti wa mgongo. Kwa ya pili ni vazi. Ufasaha haukupungua upande wowote. Kilichokosekana mara nyingi ni makubaliano juu ya jambo linalobishaniwa.

Tangu hapo, kabla ya kuandika insha ya hoja, huandaa karatasi ya mpango. Kwanza huandika fasili ya neno linalozozaniwa. Pili, huiandika hoja kuu ya mpinzani kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali. Tatu, huzipanga hoja zangu, nzito kuliko zote ikifunga. Methali na maswali ya balagha huja mwisho, kama chumvi. Malenga hawatashangazwa na mpango huu: katika majibizano ya mashairi, mjibuji hulisoma kwanza shairi aliloletewa, akalijibu ubeti kwa ubeti, na aghalabu kwa vina vilevile.

Hivi karibuni niliiandika upya insha ile. Msimamo wangu haukubadilika sana. Zamani niliandika kwamba shairi halina budi kuwa na mizani. Sasa nimeandika kwamba shairi la kuimbwa halina budi kuwa na mizani. Nimeongeza maneno mawili tu, lakini sasa naweza kuyatetea mbele ya yeyote.