Udhibiti wa halijoto katika laminata ya kutengenezea mbao za sakiti

Udhibiti wa halijoto katika laminata ni kazi ya kupima na kushikilia joto la rola za mashine ya kulaminisha, ili mashine hiyo iweze kuhamisha mchoro wa sakiti kutoka kwenye karatasi hadi kwenye ubao wenye tabaka la shaba. Njia hii hutumiwa na wanafunzi, mafundi na wapenzi wa elektroniki wanaotengeneza mbao za sakiti nyumbani au shuleni. Laminata yenyewe inajulikana zaidi katika maduka ya steshenari, ambako hutumika kufunika vitambulisho na vyeti kwa plastiki.

Jinsi njia inavyofanya kazi

Mchoro wa sakiti huchapwa kwa printa ya leza juu ya karatasi laini yenye kung'aa. Wino wa printa hiyo, yaani tona, ni unga wa plastiki uliochanganywa na rangi nyeusi. Ukipashwa joto hulainika na kunata. Karatasi hulazwa juu ya shaba iliyosafishwa vizuri, kisha vyote hupitishwa kati ya rola za moto. Baadaye karatasi hulowekwa katika maji na kubanduliwa, na tona hubaki juu ya shaba. Ubao ukitumbukizwa katika myeyusho wa kloridi ya chuma, shaba isiyofunikwa huliwa, na njia za umeme zilizokingwa na tona hubaki.

Watu wengi huanza kwa kutumia pasi ya nguo. Tatizo la pasi ni kwamba mkandamizo wa mkono haulingani kila mahali. Rola za laminata hukandamiza kwa usawa, lakini mashine ya ofisini imekusudiwa plastiki nyembamba. Ubao wa kawaida una unene wa milimita 1.6 na shaba ya mikromita 35, hivyo hunyonya joto jingi. Ndiyo sababu ubao hupitishwa mara kadhaa, au joto la rola hupandishwa.

Kiwango cha joto

Joto linalolengwa mara nyingi huwa kati ya 150 °C na 180 °C, kutegemea aina ya tona na kasi ya rola. Joto likiwa dogo, tona haishiki na njia za sakiti hukatika. Likizidi, tona hutapakaa na njia mbili zilizo jirani huungana. Joto kubwa mno huharibu pia mpira wa rola na kulainisha ubao wenyewe.

Upimaji

Vifaa vitatu hutumika zaidi:

Themista ni rezista ambayo ukinzani wake hubadilika kulingana na joto. Aina inayopatikana kwa urahisi ina kilo-omu 100 kwa 25 °C, na hushuka chini ya kilo-omu 2 ikifika 160 °C.

Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Hufuata kanuni iliyogunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821. Aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila digrii, kwa hiyo huhitaji kikuza ishara.

Kipimajoto cha infraredi hupima bila kugusa. Hata hivyo, shaba inayong'aa hutoa mnururisho mdogo, na kifaa husoma joto dogo kuliko lililopo. Dawa yake ni kupima juu ya doa jeusi lisilong'aa.

Kwa kuwa rola huzunguka, kihisi huwekwa kikigusa uso wake kwa wepesi bila kuukwaruza. Kihisi kilicho mbali na rola huchelewa kuonyesha mabadiliko.

Kuhakiki kipimo katika nyanda za juu

Maji yanayochemka hutumika mara nyingi kuhakiki kihisi, lakini hayachemki kwa 100 °C kila mahali. Kiwango hicho hushuka kwa takriban digrii 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Mjini Tanga, kando ya bahari, maji huchemka kwa 100 °C. Huko Amani, katika Usambara Mashariki, kwenye kimo cha takriban mita 900, huchemka kwa karibu 97 °C. Mjini Lushoto, kwenye takriban mita 1,400, huchemka kwa karibu 95 °C. Mwanafunzi wa Lushoto asiyejua jambo hili atadhani kihisi kizima kina kosa la digrii 5, na "akikirekebisha" ndipo atakapoleta kosa.

Nukta ya pili iliyo karibu zaidi na joto la kazi ni risasi ya kulehemu yenye asilimia 63 ya bati na 37 ya risasi, ambayo huyeyuka kwa 183 °C. Mikono inawiwa kuoshwa baada ya kuishika.

Unyevu wa milima hiyo nao una athari. Karatasi iliyonyonya unyevu hutoa mvuke ikipashwa moto, na tona huacha matundu. Ni vema karatasi ihifadhiwe katika mfuko uliofungwa.

Udhibiti

Laminata nyingi zina swichi ya joto yenye kiwango kisichobadilika. Katika mashine iliyoboreshwa, mikrokontrola husoma kihisi na kuwasha au kuzima kipasha joto kupitia relei ya elektroniki.

Njia rahisi ni kuzima kwenye 160 °C na kuwasha tena kwenye 155 °C. Kasoro yake ni kwamba joto lililohifadhiwa ndani ya metali huendelea kupanda hata baada ya umeme kukatwa. Njia bora huzingatia mambo matatu: tofauti iliyopo sasa, jumla ya tofauti zilizopita, na kasi ya mabadiliko. Nicolas Minorsky aliieleza kinadharia mwaka 1922 alipochunguza usukani wa meli. Umeme wa hertzi 50 una nusu-mawimbi 200 katika sekunde 2; kutoa asilimia 30 ya nguvu ni kuruhusu 60 kati ya hayo.

Usalama

Ndani ya laminata mna umeme wa volti 230, unaoweza kuua. Plagi ichomolewe kabla ya kufungua mashine, na sehemu za metali ziunganishwe na waya wa ardhi. Fyuzi ya joto isiondolewe kamwe: relei ya elektroniki ikiharibika, mara nyingi hubaki imewaka, na hapo programu haiwezi kuzima chochote. Fyuzi hiyo ndiyo kinga ya mwisho dhidi ya moto. Rola ziendelee kuzunguka hadi zipoe, vinginevyo mpira hubonyea. Wanafunzi wafanye kazi hii chini ya usimamizi wa mwalimu au fundi, mahali penye hewa ya kutosha.