Barabara ya Mai Mahiu: Wafungwa Walijenga, Sisi Tutalipia

Kama umewahi kwenda Narok ama Mara kwa mathree, hii barabara unaijua. Unatoka Nairobi, unafika Rironi, unaachana na barabara ya juu, halafu ghafla upande mmoja hakuna kitu. Ni Bonde la Ufa chini yako, na Longonot pale mbele na mdomo wake wazi. Watu husimama wanapiga picha, wanabishana bei ya kofia za manyoya, wanaposti, wanaendelea na safari. Ni wachache huuliza nani alichonga huo mteremko.

Walikuwa wafungwa. Wazungu, tena.

Iko hivi. Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Hitler. Wakati huo Italia ilikuwa imeshika Ethiopia na Somalia, kwa hivyo vita vilikuwa hapo tu mpakani. Mapema 1941 majeshi ya Uingereza yalivamia kutoka Kenya, na Aprili mwaka huo Addis Ababa ikaanguka. Makumi ya maelfu ya Waitaliano walitekwa, wengi wakaletwa kambi za Kenya. Mkubwa wao, Duke wa Aosta, alifia mateka Nairobi mwaka wa 1942 na amezikwa Nyeri. Mwingine, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 na wenzake wawili, wakaenda kupanda Mlima Kenya, halafu wakarudi kambini wenyewe. Siwezi kutunga kitu kama hicho.

Waliobaki walipewa kazi, na kazi moja ilikuwa hii barabara ya kushuka hadi Mai Mahiu. Karibu na chini ya mteremko kuna kakanisa kadogo walikojenga mwaka wa 1942. Ni kadogo kabisa, watu kumi na kitu wamejaa. Bado kako, na watalii husimama hapo kila siku. Ni kumbukumbu nzuri, sina shida nayo.

Shida yangu ni hesabu. Hao Waitaliano walikamatwa na nani? Si maofisa wa Kiingereza peke yao. King's African Rifles walikuwa kwa hiyo vita, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Malawi, wakipiganisha taifa moja la kikoloni kwa niaba ya lingine. Na hapa nyumbani, mwaka huohuo wa 1942, serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika washikwe kwa lazima wapelekwe kufanya kazi kwa mashamba ya walowezi, ati ni kazi muhimu ya vita. Mfungwa Mwitaliano alikuwa na mkataba wa Geneva wa 1929 wa kumlinda. Mwafrika, ambaye hakuwa mfungwa wa mtu, alikuwa na kipande kwa kikebe cha chuma, kinaning'inia shingoni.

Sasa niambie, kakanisa ka huyo wa pili kako wapi? Tembea hiyo barabara yote ukitafuta. Hata ardhi yenyewe ina hadithi ambayo haina kibao: Wamaasai walikuwa wanalisha ng'ombe huku chini Naivasha hadi makubaliano ya 1904 yakawasukuma wapishe walowezi.

Mji wenyewe ulibaki na jina la Kikikuyu, maji moto, na ukakua kwa sababu ya barabara. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Uganda na Rwanda hupita hapa. Madereva wanalala hapa, wanakula hapa, na mji mzima unaishi na hiyo pesa. Lakini kuwa chini ya mteremko kuna bei yake. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamekwama nyuma ya tuta la reli ya zamani kule Old Kijabe yalipasuka na kushuka. Mfereji wa kupitisha mto chini ya reli ulikuwa umeziba. Makumi ya watu walikufa, wengine wakiwa usingizini. Reli ilijengwa na mkoloni, lakini kuzibua mfereji mwaka wa 2024 ilikuwa kazi yetu sisi. Hatuwezi kulaumu Mwingereza kwa hiyo.

Ndiyo maana sitaki tunyamaze kwa hii awamu mpya. Novemba 2025 serikali ilizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na hii yetu ya chini, Rironi–Mai Mahiu–Naivasha, kilomita 58, iko ndani. Ikiisha, utalipa kupita. Kiwango cha msingi kilichotajwa ni shilingi 8 kwa kilomita. Piga hesabu: 464 mpaka Naivasha, kwenda tu. Mwenye mathree hatatoa kwa mfuko wake, ataongeza fare. Na kumbuka kila lita ya mafuta tayari ina shilingi 25 za kutengeneza barabara, na NSSF, pesa ya uzeeni ya mzazi wako, imewekwa kwa huo mradi.

Sikatai barabara pana. Huo mteremko umeua watu wengi, lori likikosa breki hakuna pa kukimbilia. Lakini tukilipa, tuulize maswali ya mtu anayelipa. Mkataba uko wapi tuusome? Wauzaji wa kofia na mahindi watahamishwa waende wapi? Mifereji ya maji itasafishwa na nani, mara ngapi kwa mwaka?

Kizazi cha 1942 hakikuulizwa kitu. Wengine walishikwa, wengine walitumwa, na jina la hata mmoja haliko kando ya lami. Sisi tuna kura, tuna simu, tuna bando. Ukipita pale wiki ijayo, piga picha yako ya Longonot, lakini kwa maelezo weka hilo swali la mkataba.