Neno la Mtoto na Kitabu Chake: Historia Fupi ya Vitabu vya Hadithi vya Binafsi katika Kufundisha Kusoma

Utangulizi

Katika historia ya kufundisha kusoma, mjadala mkubwa umekuwa juu ya njia: je, mtoto aanze na herufi, na silabi, au na neno zima? Swali jingine, ambalo kwa haki lingelitangulia hilo, limepata wasemaji wachache: neno analoanza nalo ni la nani? Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama aina moja ya maandishi, yaani kitabu cha hadithi kinachotengenezwa kwa ajili ya mtoto mmoja, chenye jina lake, watu wake na mambo yake. Tangu katikati ya karne ya 20, vitabu vya namna hii vimepita katika njia mbili. Ya kwanza humfanya mtoto mwenyewe kuwa chemchemi ya maneno. Ya pili huchukua hadithi iliyokwisha kutungwa na kulipachika ndani yake jina la mtoto. Njia hizi hufanana kwa sura, lakini hazina nguvu moja. Na tofauti yake ina uzito wa pekee kwa lugha yenye maumbo kama ya Kiswahili.

1. Kadi za Fernhill

Sylvia Ashton-Warner alizaliwa Stratford, New Zealand, mwaka 1908, akafundisha miaka mingi katika shule za watoto wa Kimaori pamoja na mumewe, Keith Henderson. Alipokuwa katika shule ya Fernhill, wilaya ya Hawke's Bay, mwanzoni mwa miaka ya 1950, vitabu vya kwanza vya kusomea nchini humo vilikuwa vile vya Janet and John, vilivyotokana na mfululizo wa Kimarekani. Ndani yake mlikuwa na watoto wawili wa Kizungu, nyumba nadhifu, na sentensi fupi zisizo na ugomvi wala machozi. Mtoto wa Kimaori wa miaka mitano hakujiona humo. Wengine walikaa miezi mingi na maneno machache yale yale bila kuyashika.

Ashton-Warner aliviweka kando vitabu hivyo katika hatua ya mwanzo. Kila asubuhi alimwita mtoto mmoja mmoja, akamwuliza ni neno gani alitakalo siku hiyo. Neno hilo aliliandika kwa herufi kubwa juu ya kadi ngumu, akamwachia mtoto alifuatishe kwa kidole na kulitaja. Kesho yake kadi zote zilimwagwa sakafuni, na kila mtoto akatafuta zake. Lile ambalo mtoto hakulitambua lilitupwa, kwa kuwa halikuwa na mizizi moyoni mwake. Maneno yaliyosalia mara nyingi yalikuwa ya hofu na ya mapenzi: mzimu, busu, mama, kisu, polisi. Mtoto aliyeshindwa na maneno ya kitabuni aliyashika haya kwa kuyaona mara moja tu.

Mtoto alipokwisha kupata akiba ya maneno, alianza kuandika sentensi zake, kisha visa vyake. Maandishi hayo ndiyo yaliyogeuka kuwa vitabu vya darasa: watoto walibadilishana, wakasomeana, wakajadiliana. Njia hii ilijulikana sana ulimwenguni alipochapisha kitabu chake Teacher mwaka 1963. Mwaka huo huo Idara ya Elimu ya New Zealand ilianza kutoa vitabu vya Ready to Read, vilivyotungwa nchini humo badala ya vile vya kutoka nje.

Hata hivyo, haifai kumsifu mwalimu huyu bila kupima. Maneno aliyoyaandika kwenye kadi yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ya Kiingereza. Mwenyewe aliiona kazi yake kuwa daraja la kumvusha mtoto kutoka utamaduni wake hadi ule wa Kizungu. Neno lilikuwa la mtoto kwa maana, lakini si lazima lilikuwa la nyumbani kwake kwa sauti. Wamaori wenyewe walilijibu jambo hilo mwaka 1982 walipofungua shule za kwanza za vidudu za Kohanga Reo, ambamo lugha ya Kimaori ndiyo inayotumika.

2. Kutoka Neno hadi Sentensi

Uingereza ilipata njia iliyokaribiana na hiyo, lakini iliyojengwa juu ya isimu. Chini ya mradi wa isimu na ufundishaji wa Kiingereza ulioongozwa na M. A. K. Halliday huko London, David Mackay, Brian Thompson na Pamela Schaub walitayarisha Breakthrough to Literacy, iliyotolewa mwaka 1970. Mtoto alipewa folda ya kadi za maneno pamoja na kijukwaa cha kuzipanga. Alitunga sentensi yake mwenyewe kwa kadi, akaisoma, kisha ikanakiliwa katika daftari lake. Na daftari hilo ndilo lililokuwa kitabu chake cha kwanza. Hapa fikra iliongezeka hatua moja: mtoto hatoi neno tu, bali anaunda usemi, na anauona ukikaa mbele yake.

Njia hii ndiyo iliyofika Afrika. Nchini Afrika Kusini mradi wa Molteno uliigeuza ifae lugha za Kiafrika, na kutoka huko ikafika Zambia, ambako ilijaribiwa kwa Kibemba huko Kasama mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ikaenezwa katika lugha saba za nchi hiyo. Uhamisho huu ulizua jambo ambalo waasisi wake wa London hawakuwa na haja ya kulifikiria. Kisotho na Kitswana huandika viambishi vingi vya kitenzi mbali mbali, hivyo kadi moja yaweza kubeba kiambishi kimoja. Kizulu na Kibemba, kama Kiswahili, huviunganisha, na kadi moja hubeba sentensi nzima.

3. Jina Lililopachikwa

Huku walimu wakishughulika na kadi, wafanyabiashara walikuwa wamegundua tarakilishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Kimarekani iitwayo Me-Books iliuza vitabu vyenye picha zilizochapwa tayari, na tarakilishi ikajaza jina la mtoto, la rafiki zake na la mnyama wake. Biashara hiyo haikufa. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Lost My Name ya London ilipata umaarufu kwa hadithi ya mtoto aliyepoteza jina lake, akalikusanya herufi kwa herufi kutoka kwa viumbe anaokutana nao.

Vitabu hivi visidharauliwe. Jina lake ndilo neno ambalo mtoto hulitambua mapema kuliko mengine mengi, na kuliona katika hadithi humvuta. Natalia Kucirkova na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, waliona kwamba watoto wadogo walijifunza maneno mapya zaidi kutoka sehemu za kitabu zilizowahusu wenyewe kuliko sehemu za kawaida. Lakini jina ni mlango tu. Mtoto wa Me-Books aliingia katika hadithi ambayo ingeliendelea vile vile bila yeye. Mtoto wa Fernhill asingalikuwapo, hadithi nayo isingalikuwapo.

4. Maumbo ya Kiswahili

Kiswahili kinaanika tofauti hii kwa namna ambayo Kiingereza hakiwezi. Kwanza, kupachika jina ni rahisi: kiambishi a- kinamfaa Amina sawasawa na Juma, wakati mtambo wa Kiingereza hauna budi kubadili viwakilishi vya kike na vya kiume. Bali kupachika kitu ni kugumu. Ikiwa mtoto anapenda embe, hadithi husema embe lake limeanguka. Akipenda ndizi, ndizi yake imeanguka. Akipenda kiatu, kiatu chake kimeanguka. Mtambo unaobadili nomino peke yake huvunja upatanisho wa kisarufi, ilhali mwalimu aliye na chaki huurekebisha bila kufikiri.

Pili, neno zito la mtoto wa Kiswahili huenda lisiwe nomino fupi. Laweza kuwa ameniuma, amenipiga, hawanipendi. Kwa mfundishaji wa neno zima huo ni mzigo wa herufi nyingi. Lakini mtoto mwenye kadi za ameniuma, amenipiga na amenipa hakawii kuona kwamba mwanzo wake ni mmoja. Neno lake mwenyewe linamfundisha viambishi kabla hajausikia msamiati wa sarufi.

Tatu, kuna mvutano na mapokeo ya silabi. Njia ya ba, be, bi, bo, bu inakifaa Kiswahili kwa kuwa maandishi yake hufuata sauti kwa uaminifu, na si busara kuitupa. Hata hivyo, mpango wake huahirisha konsonanti zinazoambatana. Mtoto anayeogopa mbwa, nyoka au ng'ombe hana budi kungoja hadi zamu ya herufi hizo, na wakati huo husoma sentensi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisema. Suluhisho si kuchagua moja. Silabi ni ufunguo, na neno la mtoto ni chumba anachotaka kuingia. Alitaje neno lake, liandikwe, kisha likatwe: a-me-ni-u-ma.

Hitimisho

Nchini Kenya wazo hili si geni kabisa. Vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vilivyotayarishwa kwa lugha nyingi za nchi, na pendekezo la Kamati ya Gachathi la mwaka 1976 kwamba madarasa ya mwanzo yatumie lugha inayotawala mahali shule ilipo, vilikiri kwamba kusoma huanzia kwetu. Tangu 2014 mradi wa African Storybook umewawezesha walimu kutunga, kutafsiri na kurekebisha hadithi za watoto na kuzitoa bila malipo. Linalobaki ni hatua ya kutoka kwetu hadi kwangu.

Pingamizi kubwa ni wingi wa watoto darasani, nalo ni la kweli. Mwalimu mmoja hawezi kuandika kadi za kila mtoto kila asubuhi. Lakini anaweza kuchukua watoto watano kwa siku, na hadithi ya mmoja ikaandikwa ubaoni kuwa somo la wote, kisha ikanakiliwa kwenye karatasi zilizokunjwa na kushonwa. Kabla ya hapo, idara za lugha zina kazi ambayo hakuna mtambo utakaozifanyia: kukusanya katika shule za chekechea za Mombasa, Nairobi na Kisumu maneno ambayo watoto wenyewe huyataka kwanza, na kuyachambua kwa silabi na kwa maumbo. Vitabu vya kwanza vya kusomea vimekuwa vikitungwa na watu wazima wanaokisia maneno hayo. Mtoto asiyekuta katika ukurasa wa kwanza neno hata moja lake hujifunza mapema kwamba kusoma ni shughuli ya wengine, na somo hilo ni gumu sana kulifuta.