Kurasa Tano Kutoka Newala

Katika mkutano wetu uliopita hapa Ilula, kijana mmoja wa Kidato cha Nne alinisimamisha karibu na pipa la maji ya kunawa. Akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Mzee, mtafiti wa magonjwa hujulikanaje kuwa ni mkubwa? Kwa wingi wa makala alizoandika, au kwa wingi wa watu waliomtaja?" Nilimjibu ovyo, kama tunavyojibu sisi wazee tukishikwa bila maandalizi. Ndugu Mhariri, naomba nafasi nimjibu tena.

Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde, wilayani Newala, waliingiliwa na homa ya ghafla. Viungo viliuma hata mtu akashindwa kugeuka kitandani, usingizi ukatoweka, kisha vikafuata vipele vya kuwasha. Wenyewe waliiita chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni kidingapopo. Dakta Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa wale katika makala ya kurasa 5 tu, iliyotoka mwaka 1955 katika jarida la chama cha madaktari wa magonjwa ya nchi za joto, huko London.

Makala iliyofuata katika toleo lile lile, ukurasa wa 33 hadi wa 57, ilikuwa ya W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe. Huyu hakuishia kwa mgonjwa, aliingia majumbani. Uwanda ule ni mkavu, maji yalifuatwa mbali na kuhifadhiwa ndani ya vyombo, na humo humo mbu aitwaye Aedes aegypti akapata pa kuzalia. Mwaka 1956 R. W. Ross, naye wa Entebbe, akaeleza jinsi virusi vyenyewe vilivyopatikana. Hao ni watu watatu, makala tatu.

Hazikusahauliwa kabisa, maana ugonjwa ulionekana Bangkok mwaka 1958 na Calcutta mwaka 1963. Lakini waliozifungua walikuwa zaidi wataalamu wa virusi.

Sasa tuje kwenye mizani. Mwaka ule ule wa 1955, Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza kuwe na orodha inayoonyesha makala ipi imetajwa na nani, na mwaka 1964 akaanza kuichapa. Nia yake ilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta maandishi. Baadaye wakubwa wa vyuo wakaona kuwa hapo wamepata kilo ya kumpimia mtu. Mwaka 2005 mwanafizikia J. E. Hirsch akaongeza kipimo chake: una alama 10 iwapo makala zako 10 zimetajwa mara 10 au zaidi kila moja. Maana yake ni kwamba mwenye makala moja hubaki na alama 1 hata akitajwa na dunia nzima. Jirani zetu wa Mkwawa, Iringa, wamjue hili. Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi pale, aliandika mwaka 1969 pamoja na Denis Osborne juu ya maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi. Jina lake limo vitabuni hadi leo, na kwa mizani ya Hirsch makala ile inampa 1.

Wakati Hirsch anatoa kipimo chake, chikungunya ilikuwa safarini. Ilizuka Lamu mwaka 2004, ikaenda Komoro, na mwaka 2005 na 2006 ikaugua zaidi ya theluthi moja ya watu wa kisiwa cha Réunion. Mwaka 2006 ikafika India, mwaka 2007 Italia, na mwishoni mwa 2013 visiwa vya Karibi. Kila mtafiti aliyeshika kalamu alilazimika kuanza na Tanganyika ya 1952, na hivyo kuwataja Robinson na Lumsden. Makala ya miaka 50 ikawa mpya, ingawa hakuna aliyeibadilisha hata nukta. Ugonjwa ndio uliosafiri.

Jambo moja linaniudhi. Baadhi ya waliowataja waliandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili! Mtoto yeyote wa Newala angewasahihisha kuwa ni Kimakonde. Nashuku wengine walinakili marejeo kutoka kwa wenzao bila kufungua kurasa zile tano. Kila kosa kama hilo nalo lilihesabiwa kuwa limemtaja Robinson.

Kwa hiyo, mwanangu, hesabu ile inakuambia ni wangapi waliomtaja mtu, basi. Ukitaka kujua aliona nini, soma alichoandika. Kurasa tano hazitakuchosha.

Halafu lile pipa tuliposimama halikuwa na mfuniko. Mwambie mwalimu wa zamu.