Gitare ya mkono: kazi kubwa iko kwenye shingo

Kinshasa, komini ya Lemba, kuna fundi mmoja ambaye wanamuziki wanamwita Socklo. Jina lake ni Misoko, na gitare anazotengeneza kwa mkono zimemjulisha hata nje ya nchi. Lakini kazi hii si yake peke yake. Wako mafundi wengine ndani ya Congo ambao wanachonga gitare kwa mbao wanayopata, na nyuzi wanaweza kuzitoa hata kwenye kamba ya freni ya kinga.

Mnunuzi anaangalia kwanza rangi na tumbo. Fundi anayejua kazi anaanza na shingo.

Kwanza mbao. Ikiwa mbichi, itakauka kisha gitare imekwisha kuuzwa: shingo inapinda, kole inaachia. Hapo hakuna dawa, ni kuanza upya.

Kisha vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo. Hapa ndipo gitare nyingi zinaharibika. Tuseme uzi, toka kichwani mpaka kwenye daraja, una sentimita 65. Chuma cha 12 lazima kikae katikati kabisa, kwa 32,5, maana nusu ya uzi inatoa noti ile ile, ila ya juu. Cha kwanza unakipata kwa kugawanya 65 kwa 17,817: karibu milimita 36,5. Urefu unaobaki unaugawanya tena kwa namba ile ile, vivyo hivyo mpaka mwisho. Ndiyo sababu vyuma vinazidi kukaribiana vikielekea tumbo.

Asiyependa hesabu ananakili shingo ya gitare ya kiwanda. Si vibaya, lakini akiweka daraja mahali pengine, vipimo vyote vimekufa. Tena daraja linarudishwa nyuma milimita chache, kwa sababu kidole kikibonyeza uzi, unavutika na sauti inapanda kidogo.

Mwenye kuumia ni kijana anayejifunza. Akiwa na gitare yenye vyuma vibaya, anakaza na kulegeza nyuzi siku nzima, mwishowe anadhani sikio lake ndilo bovu.

Kabla ya kutoa feza, piga uzi mtupu, halafu ubonyeze kwenye chuma cha 12. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita. Noti zisipofanana, mwambie fundi asogeze daraja mbele yako. Zikiendelea kukataa, mrudishie gitare yake.