Maneno Sita ya Kiingereza Kabla ya Kutia Sahihi Karatasi za Shamba

Wengi wetu hapa Pwani tuna Kiingereza cha simu na cha dukani, na hicho ndicho hutuponza. Neno tulilolizoea likiingia kwenye karatasi za ardhi hubadilika maana, nasi twatia sahihi tukidhani tumeelewa. Shamba la urithi lina wenyewe wengi. Sahihi ya mmoja huweza kuwaumiza wote.

Charge: Hapa si kuchaji simu. Ni kuweka ardhi rehani kwa ajili ya mkopo. Usipolipa, mkopeshaji anaweza kuiuza kwa utaratibu wa sheria.

Interest: Si riba peke yake. Ni haki yoyote mtu aliyo nayo katika ardhi, kama vile umiliki au upangaji. Anayeuza "all my interest" anauza haki yake yote.

Consideration: Si kufikiria. Ni kile kinachotolewa ili kupata kitu. Katika mauzo ya shamba, ni bei. Tazama kama tarakimu iliyoandikwa ndiyo mliyopatana.

Caution: Si onyo la mdomo. Ni zuio ambalo mwenye dai huomba liandikwe kwenye rejista ya ardhi, ili shamba lisihamishwe kabla dai lake kusikizwa.

Search: Si kutafuta mtandaoni tu. Ni taarifa rasmi ya rejista inayoonyesha mwenye ardhi ni nani, na kama kuna charge au caution. Ipate kabla ya kutoa pesa.

Lease: Ni kukodi ardhi kwa muda maalumu. Kwa Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa njia hii, na kwa muda usiozidi miaka 99.

Kamusi ya Longman ya wanaojifunza Kiingereza, iliyotoka 1978, ilieleza maneno yake kwa kutumia maneno mepesi kama 2,000 hivi. Nawe fanya vivyo hivyo. Chukua daftari, andika neno, kisha maana yake kwa Kiswahili ambacho hata nyanya atakifahamu, halafu sentensi moja ya kwako. Neno likikushinda kulieleza, bado hujalielewa. Weka kalamu chini, umuulize wakili kwanza. Majuto ni mjukuu.